Zamu Iliyofichwa Kasoro

Makaa alikula ujana wake na uzee wake mbele ya tanuri moja la mikate. Rafiki yake Kengele naye alikula wake mbele ya tanuri hilohilo, lakini watu hawa wawili hawakuwahi kukaa pamoja. Tanuri lilikuwa halizimwi. Mmoja akiingia, mwenzake anatoka. Mmoja macho mekundu kwa usingizi, mwenzake ndiyo kwanza kanawa uso. Makaa aliitwa hivyo kwa sababu hasira yake haikutoa moshi, iliwaka ndani kwa ndani. Kengele aliitwa Kengele kwa sababu alitia mguu mlangoni pale pale kengele ya zamu inapolia.

Urafiki wao wote ulifanyika kwenye makabidhiano. Utaratibu wa pale ulikuwa mkali kuliko ndoa za watu wengi. Anayetoka anasimama mdomoni mwa tanuri na kutaja kasoro zote: komeo la mlango limelegea, pembe ya kushoto inaunguza, toroli la tatu gurudumu linavuta upande. Anayeingia anasikiliza, anauliza, anavaa glavu ambazo bado zina joto la mwenzake, kisha anasema neno moja: "Nimepokea." Neno hilo likishatoka, moto ni wako. Kabla halijatoka, huendi popote, hata kama mtoto wako ana homa. Na aliyeficha kasoro alikuwa hasemeshwi na mtu kiwandani, mpaka ahame kazi.

Kengele ndiye aliyetangulia kustaafu. Akavuka mpaka, akaenda nchi ya jirani kuishi kwa dada yake mkubwa, mjane aliyewahi kushona sare za shule mpaka vidole vikakataa. Kutoka huko akawa anapiga simu.

"Makaa, unangoja nini hapo? Nyumba ni kubwa, baraza lina kivuli. Dada ana mambo yake. Sisi wawili tunakaa tu, tunapiga soga kama mabwana. Maisha yote tumeongea kwa kusimama, bwana!"

Hilo la mwisho lilimshika. Makaa alikuwa amefiwa na mke, na tangu astaafu alikuwa akizunguka nyumbani kama mteja asiyejua anataka kununua nini. Binti yake hakulipenda jambo hilo.

"Baba, mtu anahama nchi kwa ajili ya mke, au kazi, au vita. Wewe unahama kwa ajili ya Kengele?"

"Kengele si mtu wa kunipotosha."

"Mimi sijasema anakupotosha. Nimeuliza tu."

Akamwachia binti nyumba, ahamie na watoto wake. Vitu vyake akavigawa, kitanda mpaka redio. Mtu yeyote aliyewahi kukaa sokoni angemwambia hilo ni kosa: hufungi duka lako kabla hujaiona bidhaa ya mwenzako. Lakini Makaa hakuwa mtu wa soko, alikuwa mtu wa moto.

Kengele alimpokea kituo cha mabasi, akambebea begi, na kabla hawajatoka getini akachomoa ufunguo wa nyumba mfukoni.

"Shika. Zamu yako!"

"Nimepokea!" akajibu Makaa, na wakacheka mpaka wauza maji wakageuka kuwatazama.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, si kwa ubaya bali kwa utupu. Makaa aliamka saa ya zamu, akavaa, akakaa ukingoni mwa kitanda akisubiri kitu ambacho hakiji. Mikono ndiyo iliyomsumbua zaidi. Ilitaka kushika. Aliosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa, mpaka Dada, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu na hakuwa akitoka mbali na kiti chake cha sebuleni, akapaza sauti: "Wewe Bwana Makaa, utavitoboa hivyo vikombe!"

Kengele akamhurumia, au ndivyo ilivyoonekana. Akamtembeza. Akamwonyesha pampu ya maji, kwamba haiwaki mpaka uipige ubavuni. Akamwonyesha jiko la gesi na swichi ya bafuni. Akampeleka duka la dawa, akamtambulisha kwa muuzaji: "Huyu ni ndugu yangu, mwangalie vizuri uso." Akampeleka sokoni, akamwonyesha mama anayemwekea Dada mboga laini. Makaa akatembea nyuma yake ameridhika. Pole pole akaanza kujifunza kukaa. Jioni walikaa barazani kweli, viti viwili, wakacheka habari za meneja aliyewahi kukaa juu ya unga uliokandwa. Siku moja alijikuta kivuli kimehama kutoka ukuta hadi ukuta naye hajafanya kitu, wala hajaona vibaya. Akajiambia, kumbe hii ndiyo yenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi moja, akiwa jikoni anachemsha chai, Dada akamwita.

"Mbona humsaidii mwenzako kufunga mizigo? Basi si linaondoka mchana?"

"Basi gani, Dada?"

"La nyumbani. La Kengele."

Makaa akaja sebuleni na kijiko mkononi. "Anakwenda kutembea?"

Dada akamtazama kama mtu anayetazama mshono ulioanza kufumuka. "Anarudi kwao moja kwa moja. Wanawe wamemjengea. Ukoo ulimwambia asiniache peke yangu mpaka apatikane mtu wa kuaminika. Akasema wewe umeomba mwenyewe. Kwamba huna pa kukaa, na umetaka kuja kunitunza."

"Mimi nimeomba?"

"Ndivyo nilivyoambiwa. Nikamshukuru Mungu, nikasema, huyo baba ana moyo."

Kila mmoja alikuwa amenunua mzigo ule ule kwa muuzaji yule yule, kila mmoja kwa hadithi yake.

Kengele alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Makaa akazima gesi na kwenda kituoni, kandambili miguuni. Akamkuta amekaa juu ya sanduku, amevaa koti la safari.

"Ungeaga lini?" Makaa akauliza.

"Ningekupigia nikifika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi, ndiyo hivyo." Kengele akafuta uso. "Makaa, nimekaa na yule mama miaka. Sijalala nje hata siku moja. Wakasema leta mtu. Nimfikirie nani? Katika dunia nzima ni wewe tu ambaye hujawahi kunichelewesha. Na ulipokea, bwana. Hapa hapa getini, nikakupa ufunguo, ukasema mwenyewe."

Makaa akamtazama vizuri aone kama anatania. Hakuwa anatania. Mtu mzima, mvi tupu, alikuwa amelishika lile neno la mzaha na kulitunza mfukoni kama risiti.

"Kengele, makabidhiano huanza na nini?"

Kengele akageukia basi.

"Nakuuliza. Huanza na nini?"

"Na kasoro," akasema chini chini.

"Zitaje."

"Basi linapakia, bwana."

"Zitaje!"

Watu wakageuka. Kengele akaanza kuzitaja akitazama viatu vyake. Dada ana sukari, na dawa huzificha chini ya mto anapojisikia nafuu. Ameanguka bafuni mara mbili. Hapendi kuinuliwa na mwanamume, kwa hiyo huinuka mwenyewe, na hapo ndipo anapoanguka. Wiki nyingine humwita mtu kwa jina la marehemu mumewe, na ukimsahihisha hulia. Kadiri alivyotaja, sauti yake ilizidi kuwa ile ya zamani, ya mdomoni mwa tanuri, makini, haachi kitu. Makaa aliisikia sauti hiyo, na ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Kumbe anajua bado. Alijua namna ya kufanya jambo hili kwa haki, akachagua namna nyingine.

"Zimeisha?"

"Zimeisha." Kengele akainua macho, akangoja. Alikuwa anangoja neno.

Makaa hakulitoa. Alisimama pale mikono nyuma, mpaka kondakta akapiga ubavu wa basi na Kengele akalazimika kubeba sanduku lake na kupanda. Dirishani aliinua mkono. Makaa alikuwa anatazama gurudumu.

Aliporudi, Dada alikuwa kwenye kiti chake, amejifunga mtandio kama mtu anayesubiri hukumu.

"Nawe unakwenda?"

"Kwenda wapi? Nyumba yangu ina wajukuu wanne na kitanda nimekigawa." Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso naye. "Dada, tuongee kama watu wazima. Mimi sikuletwa zamu hapa. Sijapokea."

"Hata mimi sijakuomba. Nina mpwa wangu, nitamwandikia."

"Mwandikie. Mpaka aje, dawa utakunywa mbele yangu."

"Unaniamrisha ndani ya nyumba yangu?"

"Nakaa kwako, nachangia. Na bafuni kitawekwa chuma cha kushikia, nitakifunga mwenyewe kesho. Ukikataa, nalala kituoni leo."

Dada akafikiri. "Dawa, sawa. Chuma, sawa. Lakini vikombe vyangu uviache."

"Na habari za ndugu yako usiniletee."

"Ni ndugu yangu, Bwana Makaa. Tumbo moja."

"Basi zisikilize peke yako."

Ikawa hivyo. Chuma kikafungwa. Mpwa akasema atakuja baada ya mavuno, na Makaa akaacha kuuliza mavuno gani. Mikono yake ikapata kazi, na mwili ukazoea mwendo wa nyumba ile, na ukimwuliza mtu yeyote mtaani angesema yule baba ametulia vizuri ugenini. Ila jioni hakukaa barazani. Alitoa kiti kimoja akakipeleka uani, akakiweka chini ya kamba ya nguo, na kile cha pili akakigeuza uso kwa ukuta.

Kila Ijumaa Kengele alimpigia simu dada yake. Makaa alikuwa akisikia mlio tu, anaweka kitambaa chini, anatoka uani. Dada alikuwa mzito wa sikio, kwa hiyo aliiweka simu kwenye spika, na sauti ya Kengele ilijaa nyumba nzima mpaka uani, ikicheka, ikisimulia, ikiuliza, "Na Makaa je? Mpe simu nimsalimie." Na Dada, aliyemwona vizuri kupitia dirishani, ameketi katikati ya mashuka yaliyoanikwa, hajashika kitu, alikuwa akijibu, "Ametoka."

Simu zenyewe zilikuwa ndefu. Makaa alikaa palepale mpaka ziishe.