Kioo Kilichokataa Kidole Changu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Kilikuwa kiwanda cha barafu, Mocímboa da Praia, nami nilikuwa msichana wa Quionga aliyekuwa hajawahi kugusa chuma kikubwa kuliko sufuria ya shughuli. Shefe, yaani mkuu wa kiwanda, mtu mfupi asiyecheka, alinisimamisha karibu na kompresa, yaani mashine inayosukuma gesi ya kugandishia maji, akaniuliza, "Mwanasha, unasikia nini?"

"Nasikia kelele, shefe."

"Sikuyauliza masikio. Nimeziuliza nyayo."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Sakafu ikitetemeka kwa mpigo mmoja, mashine ni nzima. Ikitetemeka kama mtu mwenye homa, kimbilia valvu. Valvu zilikuwa za kuzungushwa kwa mikono miwili, pana kama sinia, na ukutani palikuwa na saa za presha ambazo mishale yake ilikwama mara kwa mara hata tukaigonga kwa kidole ili itwambie kweli. Niliifanya kazi ile miaka mingi, nikaolewa nayo, nikazaa nayo, mpaka kiwanda kilipofungwa nikajua sasa ni kurudi shambani.

Nyinyi vijana mnaosoma haya mmezaliwa simu ikiwa mkononi, kwa hiyo huenda msielewe nilivyoona nilipochukuliwa Afungi, kwenye ujenzi wa mradi wa gesi. Waliniweka kwenye mtambo wa zege. Nilitazamia magurudumu na mikono ya kuvuta. Nikaingizwa kwenye kijumba chenye kiyoyozi, na ndani yake, juu ya meza, kioo kimoja tu, si kikubwa kuliko ubao wa kusomea Kurani. Wenzangu walikiita ekrã, kwa Kireno. Mimi nilikiita kioo.

Mtambo mzima ulikuwa umechorwa humo: maghala ya saruji, mikanda inayobeba kokoto, na pipa kubwa la kuchanganyia lenye mapanga ya chuma ndani. Engenheira, yaani mhandisi wetu, binti wa Nampula ambaye ningeweza kumzaa, alinishika kidole akakiweka juu ya picha ya ghala la mchanga. Nje, ng'ambo ya uwanja, nikasikia mchanga ukimwagika.

Nikaurudisha mkono kama niliyeungua. "Subhanallah. Nimefanya mimi?"

"Umefanya wewe, mama. Sasa usimamishe."

Nikagusa tena, mchanga ukanyamaza. Nilitoka nje nikautazama ule mlango wa ghala, nikarudi, nikautazama kwenye kioo. Nilirudia mara tatu, naye akaniacha. Siku hiyo sikula. Niliwaza watu gani hawa, waliochukua nguvu ya valvu zote nilizozungusha ujanani wakaitia chini ya ncha ya kidole.

Nilijifunza taratibu. Kijani maana yake kinafanya kazi, kijivu kimelala, chekundu kuna shida, na shida huandikwa kwa maneno. Kila mtu alikuwa na neno lake la siri. La kwangu liliniruhusu kuwasha na kuzima. La Engenheira liliruhusu hata kuuambia mtambo usijali onyo fulani. Kulipita juu, ndivyo tulivyosema.

Sasa niwaeleze siku ya Amade. Amade alikuwa msafishaji wa pipa, kijana wa Mbau mwenye mke na mtoto mchanga. Zege huganda kwenye yale mapanga, na lazima mtu aingie alibandue kwa nyundo na patasi. Kabla ya kuingia, sheria ni kuzima umeme na kutia kufuli kwenye swichi kubwa, ufunguo ukae mfukoni mwake.

Siku hiyo wajenzi walikuwa wanamwaga zege la msingi, na likikatika katikati msingi wote huharibika. Nilikwenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, malori yalikuwa yamepanga foleni, na shefe wa zamu alikuwa anapiga kelele kwenye redio ya mkononi: "Mwanasha, washa! Zege linakauka huku!"

Nikabonyeza. Kioo kikawa chekundu: *Porta aberta.* Mlango wa pipa uko wazi.

Onyo lile tulilizoea. Vumbi la saruji likiingia kwenye swichi ya mlango, kioo husema uko wazi nao umefungwa. Nikafuta onyo, nikabonyeza tena. Chekundu. Mara ya tatu, chekundu. Nawaambia kweli, nilikikasirikia. Nilikipiga kwa kidole nilivyokuwa nikizigonga zile saa za presha za kiwanda cha barafu.

"Mpigie Engenheira alipite juu!" shefe alisema. "Ni vumbi tu hilo!"

Nikampigia. "Mwanangu, kioo kimeharibika. Tia neno lako, watu wanangoja."

Akauliza, "Kimekwambia kimeharibika?"

"Hapana. Kinasema mlango uko wazi."

"Umeuona huo mlango?"

"Sijauona."

"Basi nenda kauone, mama. Malori yatangoja."

Nilipanda ngazi ya pipa huku nikinung'unika, shefe akiniita redioni. Nikafika juu. Mlango ulikuwa wazi kweli. Ndani, kati ya mapanga, Amade amechutama, amevaa vizibo vya masikio, anagonga zege. Aliona kivuli changu akainua uso, meno yote nje.

"Shikamoo, Bi Mwanasha! Kidogo tu, namaliza!"

Kufuli lake lilikuwa limening'inia kiunoni. Alidhani ni kazi ya dakika mbili.

Nilikaa kwenye ngazi, nikakitazama kidole changu. Mara tatu kilikuwa kimemuua, na mara tatu kimekataliwa. Amade alipotoka akaniona ninalia, akadhani nimefiwa. Nilipomweleza, alizishika nguzo za ngazi kwa mikono miwili. Shefe wa zamu alikuja mbio kugomba. Alipoelewa, alivua kofia yake ngumu, akakaa chini nasi pale kwenye vumbi. Malori yakangoja.

Baadaye nilimuuliza Engenheira ni nani aliyeifunga ile swichi mlangoni. Akasema imekuja na mtambo, kutoka mbali, na hata yeye hamjui aliyeiwaza.

Kisha vita ilifika kwetu ikatutawanya, kazi ikasimama, nikakaa kwa ndugu zangu Mtwara. Kazi iliporudi nami nilirudi, nikamalizia miaka yangu, nikastaafu. Watu wa hapa Quionga huniuliza kama nilikiogopa kile kioo. Mimi nilimstaajabia mtu. Mahali fulani, mtu asiyeijua Mbau, asiyemjua Amade wala mwanawe, alikaa mezani kwake akachora pipa tupu, kisha akasita akasema: huenda ndani kuna mtu.

Simjui jina lake, wala dini yake. Kila baada ya sala, nikishawaombea wazazi wangu, namwombea yeye.