Mgongo wa Kitambaa

Katika mji wa Vereda Funda, kwenye vilima vya Minas huko Brazili, kitambaa kilichodariziwa hakisifiwi mpaka kigeuzwe. Mgeni akionyeshwa maua upande wa mbele husema ni mazuri, lakini mkono wake tayari unakipindua atazame mgongo. Mgongo ukiwa safi kama uso, hauna fundo wala uzi ulioruka, ndipo sifa hutoka. Ukiwa mchafu, hakuna anayetukana. Kitambaa hurudishwa mezani polepole, na mazungumzo yanahamia kwenye mvua.

Ivonilde Saraiva aliijua kanuni hiyo kabla hajajua kusoma. Shangazi yake Hermínia, aliyewafundisha kudarizi yeye na dada yake Dalvina, alikigeuza kitambaa cha kwanza cha Ivonilde, akakitazama, akachukua mkasi akakikata katikati. Akasema mkono ule uliumbwa kuchambua maharage. Mkono wa Dalvina ukasifiwa mji mzima. Ivonilde akachambua maharage. Akakua, akaolewa, akagonga mihuri posta mpaka akastaafu, akamzika mume, na muda wote huo hakushika tena sindano ila kwa kifungo kilichokatika.

Kilichomrudisha ni simu. Alikuwa akitafuta namna ya kutoa doa la kahawa kwenye shuka, akajikuta ndani ya kundi la watu wanaodarizi kwa kujifurahisha, kutoka kila pembe ya Brazili. Mwalimu alidarizi samaki, nesi alidarizi mifupa ya mkono. Adelmo, dereva wa lori wa Paraná mwenye ndevu kama ufagio, alidarizi mawaridi garini akingoja kupakiwa soya. Ivonilde alitazama kwa majuma mengi kama mtu anayechungulia harusi dirishani. Kisha akaenda kununua nyuzi.

Dalvina alifurahi kumwona na sindano. Akampeleka Nyumba ya Sindano, ukumbi wa parokia ambamo wadarizi wa mji hukutana kila Alhamisi kwa kahawa na mikate ya jibini. Wanawake wa pale walidarizi vya kuuza. Ivonilde alipewa kiti karibu na dada yake na kazi ya kupinda kingo, naye hakulalamika. Tangu mazishi, ilikuwa ndiyo siku pekee ya juma aliyokuwa na sababu ya kuvaa hereni.

Nyumbani alidarizi chake: ndege mwekundu, yule anayejijengea nyumba ya udongo juu ya nguzo za umeme. Akampiga picha, akamweka kwenye kundi. Pongezi zikamiminika. Halafu mtu mmoja akaandika: geuza, mama, tuone mgongo.

Neno hilo limezima mikono mingi katika nchi ile. Wajanja wana dawa zake. Wengine hugandisha kitambaa kingine nyuma, wengine husema kazi yenyewe wameshaigawa zawadi. Ivonilde hakuwa na ujanja huo, wala hakuutafuta. Alikisogeza kitambaa kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakipiga picha kama kilivyo, mafundo yamejazana kama kunde na nyuzi zimeruka kutoka bawa hadi mkia. Akaandika chini yake: "Mgongo ndio huu."

Waliocheka walicheka. Mmoja aliuliza kama bibi kadarizi au kamwaga tambi. Mwingine akaandika kwamba hicho sasa ni kiota kabisa, ndege atataga lini?

"Akiacha kuchunguliwa," Ivonilde akajibu.

Adelmo akaweka mgongo wa waridi lake, akasema askari wa barabarani wakiuona watamnyang'anya leseni. Nesi akaweka wake. Mwalimu akafuata. Baada ya hapo kila Jumamosi ikawa siku ya migongo, na waliipa jina: Mgongo Hausemi Uongo. Mwanamke mmoja wa Maranhão akaandika kwamba alificha kazi zake kabatini tangu mama mkwe alipozicheka mbele ya wageni, na leo amezitoa. Ivonilde alisoma maneno hayo mpaka kahawa ikapoa mkononi.

Habari hazikukawia kufika mjini. Bi Eulália Furtado, mkuu wa Nyumba ya Sindano, alimwita kando. Hakuwa mwanamke mbaya, na hoja yake ilikuwa na uzito. Wanawake wa pale wanakula kwa sindano, na wanunuzi hupanda vilima vile kwa sababu ya mgongo safi. Sasa mteja kutoka mji mkuu alikuwa ameuliza kama Vereda Funda ndio ule mji wa mafundo. Ivonilde akasema hajaandika jina la mji popote. Bi Eulália akamwambia mnara wa kanisa unaonekana dirishani katika kila picha, na mnara ule unajulikana. Akampa hadi Alhamisi: afute picha, au aache kiti.

Jioni Dalvina alikuja kwa mdogo wake na bakuli la maziwa yaliyopikwa na sukari. Alikaa kitako, akasema bila kuzunguka.

"Mdogo wangu, usijitie wazimu. Nipe hivyo vitambaa vyako. Nitavidarizi upya mimi, uso na mgongo. Wewe piga picha, waambie umejifunza. Nani atajua?"

Ivonilde aliitazama mikono ya dada yake, mikono iliyosifiwa maisha yote na ambayo haikuwahi kumpiga, ikijitolea kumfanyia kazi ya miezi bila malipo. Uongo ukiletwa na adui, kuukataa ni rahisi. Huu uliletwa na mtu anayempenda, umefunikwa kitambaa safi kama bakuli lile.

"Nitajua mimi," akasema. "Na yule wa Maranhão akigundua, atarudisha vitu vyake kabatini."

"Unamjua wewe? Umewahi kumpa hata maji ya kunywa?"

"Sijawahi."

"Mumeo alipokufa, nani alimvika soksi? Mimi. Hao wa kwenye simu wamekupa nini? Picha za vidole gumba."

"Ni kweli, dada. Soksi ulimvika wewe." Ivonilde akasogeza kiti karibu naye. "Ila mimi tangu utoto nageuzwa na watu. Safari hii nimejigeuza mwenyewe. Sitajifunika tena, hata kwa mkono wako."

Dalvina aliinuka, akaondoka na bakuli lake likiwa limejaa. Kati ya ndugu wa mji ule bakuli halirudi limejaa ila pana ugomvi.

Alhamisi Ivonilde alikwenda. Alikitandaza kitambaa cha ndege mezani, mgongo juu, katikati ya vikombe. Bi Eulália akamwuliza kama amefuta.

"Sijafuta. Kanuni ya nyumba hii ni kugeuza kitambaa. Nimegeuza. Ninyi ndio mnaniambia nifunike."

Mtu mmoja mwishoni mwa meza alicheka, akajifanya anakohoa.

"Una haki," Bi Eulália akasema. "Lakini haki yako haimnunulii mchele mtu yeyote kwenye meza hii."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na Ivonilde hakulibishia. Akasema basi atafanya jambo moja kwa ajili ya mchele wao: atatangaza kwamba yeye si wa Nyumba ya Sindano na mafundo yake hayahusiani nao. Zaidi ya hapo, hapana. Akakunja kitambaa, akasimama, akakisukuma kiti ndani ya meza mwenyewe ili asisukumiwe na mtu. Akamtazama dada yake. Dalvina alikuwa akitunga uzi kwenye sindano iliyokwisha kutungwa.

Tangazo alilitoa siku ileile, kwa maneno machache yasiyomlaumu mtu. Siku za Jumamosi ziliendelea. Mwanamke wa Maranhão sasa anawafundisha wengine, na Adelmo ametundika migongo ya kazi zake kwenye kioo cha lori. Ivonilde anadarizi kila siku, mafundo yamepungua kidogo tu, na hakuna picha aliyoificha wala kuifuta.

Kiti chake Nyumba ya Sindano kina mtu mwingine. Mjukuu wa Dalvina alipobatizwa, Ivonilde alipata habari kutoka kwa mwuza mboga. Kanisani dada yake humsalimu kwa kichwa, kama anavyowasalimu waumini wote. Hawajakaa meza moja tangu jioni ile. Kwa kutofuta picha, Ivonilde alimpoteza dada yake, na hakuwa na mwingine.