Turubai la Vifuko

Fundi cherehani yule hakujua kutulia. Hata mashine ikiwa haina uzi, mguu wake ulikuwa ukichezea kanyagio. Lakini kilichomkosesha raha kabisa ni moshi. Kila asubuhi mumewe alikusanya vifuko vya plastiki vya sabuni, biskuti na maziwa, vile ambavyo hata wanunuzi wa chupa na vyuma chakavu walivikataa, akavitia kiberiti nyuma ya nyumba. Moshi mweusi uliingia ndani moja kwa moja, ukatua kwenye nguo za wateja. Mama mkwe alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Baba watoto, basi jamani!" Siku moja fundi alimpokonya mumewe kiberiti. "Niachie mimi."

"Uvifanyie nini? Uvipike?"

Aliviosha, akavianika, akajaribu kuvishona. Vikachanika. Akavipanga tabaka tatu katikati ya karatasi, madirisha wazi, akapitisha pasi. Vikasinyaa. Akapunguza moto, vikashikana. Wifi yake alimkuta amezungukwa na vifuko, gauni la mteja limetupwa pembeni.

"Wifi, umerogwa?"

"Hata mwenyewe sijui. Nishikie hapo."

Baada ya wiki mbili alikuwa ameunganisha vipande hivyo kwa cherehani kuwa turubai zima, likatandazwa juu ya genge la muuza mboga wa jirani. Mvua ilipoanza alitoka mbio, pekupeku. Maji yalipenya kila tundu la sindano, yakidondokea nyanya na utosi wa muuza mboga.

"Shoga, umeniletea chujio!"

Watu wakaangua kicheko. Naye alicheka, ila uso ulikuwa unamwaka. Alilishusha palepale, akaondoka nalo likichuruzika.

Alifumua mishono yote, akakata pembeni palipotobolewa. Safari hii alilaza ukingo wa kipande juu ya mwenzake, kama mabati yanavyopandana, akavigandisha kwa pasi tu. Mvua iliyofuata ilimkuta gengeni, ameinua uso, anasubiri tone. Halikudondoka. Akahamia upande wa vitunguu, akarudi kwenye ndizi.

"Shoga, kaa basi. Hakuvuji," muuza mboga alimwambia.

"Ngoja nione kwenye kona."

Siku hizi mumewe ndiye anayeosha vifuko, akinung'unika, na majirani wanaleta vyao kwa magunia. Magenge manne yameshafunikwa. Lakini fundi mwenyewe, muulize habari zake, atakuonyesha ndoo ya mirija ya dawa ya meno. Haigandi wala haishoneki. Ameshaikata, ameshaipiga pasi, ameshaigonga kwa nyundo, na chai yake inapoa mezani.