Siku Teleksi Ilipoleta Namba Tupu

Nilipoanza kazi ya teleksi Mbeya, nilikuwa bado naogopa umeme. Nilikulia kijiji cha juu, upande wa Tukuyu, ambako mwanga wetu ulikuwa wa chemli, na aliyenitoa huko akanisomesha ni kaka yangu mkubwa, dereva wa lori. Wazazi wetu walifariki mapema. Yeye alinishika mkono, na kazi ilipotangazwa kwenye shirika lile la uchukuzi alilokuwa akiliendeshea magari, alinipeleka mwenyewe hadi mlangoni. Akasema, "Ingia. Mashine haiumi."

Haikuuma, lakini ilikuwa na tabia ya kuzinduka bila kuguswa. Mtu anapiga kutoka Iringa au Dar es Salaam, na chuma kilichokuwa kimya mbele yako kinaanza kutetemeka, karatasi inapanda, maneno yanajichapa. Miezi ya kwanza kila ilipozinduka nilishtuka kama mtu aliyeguswa bega gizani.

Fundi aliyenifundisha aliweka mwendo wa mota sawasawa, akanionya nisiiguse skrubu ya kuurekebisha, kisha akabandika ukutani kadi yenye alama ambazo mtambo ulijibu pale simu isipopita. OCC, unayempigia yuko na mwingine. NC, hakuna njia. ABS, ofisi imefungwa. DER, kule kuna ubovu. Nilizikariri kama katekisimu. Ile ya mwisho sikuipenda. Ilikuja wakati wa mvua, nguzo zilipoanguka huko njiani, na ikija ilikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Mwenzangu wa Iringa nilimjua kwa maandishi tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila kabla ya kazi lazima aanze na salamu ya kwao: KAMWENE DADA. Nami nilimrudishia KAMWENE KAKA, ndipo tukaingia kwenye magari yaliyopita, yaliyoharibika, yaliyokosa mafuta. Miaka miwili tuliongea hivyo, sijui sura yake.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Kusini mwa mipaka yetu watu walikuwa wakipigania uhuru wao, na reli na bomba la mafuta vilipita kwetu. Kila alipotoka mkutanoni mjini alirudi amebeba maonyo mapya. Adui ana macho. Adui anaweza kukaa na wewe meza moja. Alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu akisoma karatasi ikipanda, nasikia pumzi yake tu.

Msimu ule wa mvua kaka yangu alipakia tumbaku Chunya kwenda Morogoro. Utingo wake alikuwa mtu wa Chunya hukohuko, baba wa familia, mcheshi, mwenye mwanya mpana ambao ulimfanya apige mluzi hata akiongea. Walipitia nyumbani kwetu Iyunga, wakanywa chai. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa mjamzito, miguu imevimba. Kaka alimwambia asibebe ndoo, akapanda gari, wakaondoka.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha Mbeya tangu asubuhi. Radi zilikuwa zikikimbizana juu ya milima, na taa ya ofisini ikawa inafifia na kurudi. Mchana, meneja akiwa amesimama palepale nyuma yangu, mashine ilizinduka. Jina la Iringa likatoka safi. Ikafuata KAMWENE DADA. Kisha radi ikapasuka karibu sana, taa ikafumba na kufumbua, na kuanzia hapo hazikuja tena herufi. Zilikuja namba.

Namba, mabano, vistari, mapengo. Katikati yake mashine yetu ikasimama, ikachapa yenyewe jina la ofisi yetu, ikaendelea. Ikarudia tena kulitaja. Mwishoni kengele yake ikalia, *ting*, na kila kitu kikanyamaza.

"Hiyo ni nini?" meneja aliuliza.

Nilijua ni nini. Karibu kila kitufe cha mashine ile kilikuwa na kazi mbili, herufi chini na namba au alama juu, na kulikuwa na ishara ya kuiambia ihame kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Radi ilikuwa imeihamisha. Mwenzangu wa Iringa alikuwa akiandika Kiswahili, sisi tunapokea upande wa juu wa vitufe. Macho yangu yalikuwa tayari yameshaanza kurudisha neno mojamoja. Pengo, kistari, nne, nane: GARI. Bano, tatu, tano, saba: LETU.

Gari letu.

Meneja akainyofoa karatasi.

"Bosi, naomba niisome, ni..."

"Usiguse kitu. Toka kwenye kiti."

Aliifungia karatasi kwenye droo, akafunga mlango wa chumba changu kwa ufunguo, akaenda kwenye simu ya mjini. Mimi nikabaki kwenye benchi la ukumbini, na maneno mawili tu kichwani. Gari letu. Gari la shirika lililokuwa mbele ya Iringa siku ile nililijua. Gari letu limefanya nini? Limefika? Mtu hapigi teleksi katikati ya radi kusema gari limefika.

Walikuja wawili, watu wa usalama. Mmoja mtu mzima aliyevaa suti ya Kaunda, mwingine kijana, mpole wa sura, ambaye hakuniangalia usoni. Wakaniita ofisini kwa meneja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kaa." Akaiweka karatasi mezani, mbali na mimi. "Huyu wa Iringa ni nani wako?"

"Ni mwenzangu wa kazi. Sijawahi kumwona."

"Hujawahi kumwona, anakuita dada."

"Ndivyo tunavyosalimiana, mzee."

"Na hizi namba anakupa za nini?"

Nilikuwa na jibu la kweli, fupi, ambalo mtoto angelielewa. Lakini nilikuwa nimesikia habari za watu walioitwa kuulizwa maswali kidogo wakakaa muda mrefu. Nikamfikiria wifi na miguu yake. Nikamfikiria kaka. Machozi yakanitoka kabla ya maneno, na yule mzee akaegemea nyuma kama mtu aliyepata alichokitafuta.

"Analia," alimwambia mwenzake.

"Wote hulia," yule kijana alisema taratibu. Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza akinitazama, "Mama, unalilia nini?"

"Kaka yangu yuko kwenye hilo gari," nilisema. "Hizo si namba. Ni maneno. Naomba mnipeleke kwenye mashine niwaonyeshe."

Walitazamana. Meneja akafungua chumba.

Niliitenga mashine na laini, nikakaa. "Nipeni neno lolote," nilisema.

Wote watatu walikuwa wakiikodolea macho mashine. Basi nikachapa yaliyonijia: TUPO WOTE. Yakatoka kama yalivyo. Nikaihamishia upande wa juu, nikapiga vitufe vilevile. Karatasi ikaandika 5709 2953.

Yule mzee akainama hadi nikasikia harufu ya tumbaku mdomoni mwake. "Rudia."

Nikarudia. Akaniambia niandike "habari yako", nikaandika, yakatoka mapengo na namba. Akachukua ile karatasi ya Iringa, akaiweka mbele yangu mwenyewe. "Basi soma. Kwa sauti."

Sijawahi kusoma kitu kirefu kama kile, nacho kilikuwa sentensi chache tu. Niliweka kidole kwenye kila alama, nikatafuta kitufe chake, nikataja herufi. Pale palipokuwa na jina la ofisi yetu niliwaeleza kwamba ndiyo herufi D. Upande wa juu kitufe hicho huuliza "wewe nani", na mashine hujibu yenyewe.

GARI LETU LIMEPINDUKA.

Kidole kikasimama hapo. Yule kijana akasema, "Endelea, dada." Sikuona wakati ule kwamba ameacha kuniita mama.

KITONGA. UTINGO AMEKUFA.

Meneja akashika kichwa. Mimi nilikuwa naendelea kwa sababu kidole kilikuwa kinaendelea. DEREVA. Halafu neno la mwisho, nalo halikuwa neno. Lilikuwa vistari vitatu vimeachanishwa na mapengo.

"Soma," mzee alisema.

"Kistari ni A. Mapengo ni herufi zisizo na alama huku juu. Zinapotea."

"Yaani dereva amefanya nini?"

"Sijui, mzee."

"Si utakuwa 'amekufa' vilevile?"

"Amekufa ingekuwa na tatu, na saba. Tazama ya utingo." Nilijikuta nashika karatasi kwa mikono miwili. Kitu, A, kitu, A, kitu, A. Niliyapanga maneno kichwani yote yakawa mabaya.

Meneja ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama sakafu. "Kengele ililia. Pale mwishoni. Mimi niliisikia, nikawaambia hawa wazee kwamba ni ishara."

Kengele ni herufi J. Hailii kwa herufi nyingine yoyote.

"HAJAFA," nilisema. "Dereva hajafa."

Yule kijana akavuta pumzi kama aliyetoka majini. Mzee akakunja karatasi, akaiacha mezani, akamwambia meneja, "Mruhusu aende nyumbani." Hakuomba radhi, na mimi sikutarajia. Mlangoni alisimama akasema, "Sasa mpigie Iringa umuulize hali." Nikapiga. Mashine ikajibu herufi tatu, DER. Nikapiga tena. DER. Simu ya mdomo nayo ilikuwa imekufa, kwani nguzo zilikuwa zilezile.

Nilirudi Iyunga kwa miguu kwenye matope. Njiani lile neno lililonipa uhai ofisini lilianza kugeuka. Hajafa. Nani husema hivyo juu ya mtu mzima wa afya? Tunasema hajafa kwa mgonjwa aliyezungukwa na ndugu kitandani. Tunasema hajafa, tukimaanisha bado.

Wifi alikuwa amekaa kizingitini, akanitazama viatu, kisha uso.

"Kuna nini?"

"Gari limepinduka mlimani Kitonga. Kaka hajafa."

Akauliza, "Hajafa, au anakufa?"

"Sijui, wifi. Ndivyo alivyoandika mtu wa Iringa."

"Kwa nini asingesema mzima? Kwa nini asingesema ameumia?" Alikuwa ameshika mlango. "Hajafa! Sasa mimi nikae na hajafa mpaka lini?"

Asubuhi nilikwenda ofisini kabla ya wote. DER. Meneja alipofika hakuniuliza chochote. Akatafuta gari lililokuwa likienda Iringa, akatupandisha, wifi mbele, mimi nyuma kwenye magunia. Yeye mwenyewe alipanda jingine kuelekea Chunya, kupeleka habari ya utingo, ambayo haikuwa na neno la kukisia. Nilimwona akipanda, nikamwonea huruma.

Safari ile siikumbuki kwa barabara. Naikumbuka kwa nguzo za simu. Baada ya Chimala moja ilikuwa imelala shambani na waya zake, na mafundi wamesimama chini yake wamejifunika magunia. Makambako wifi aliomba tusimame, akashuka, akatapika, akapanda tena. Kila gari lililokuja mbele yetu kutoka Iringa nililiangalia kama limebeba jeneza.

Hospitalini tulimkuta mtu mfupi, mnene kidogo, amekaa kwenye ngazi na kofia magotini. Alisimama alipotuona. Sijui alitujuaje.

"Kamwene, dada," alisema.

Ndipo nikajua ni nani. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Akasema haraka, kama mtu anayejua ni lipi la kusema kwanza, "Yupo. Anaongea. Mguu ndio wameukata, lakini anaongea." Wifi alikaa chini palepale kwenye ngazi, akalia kwa sauti.

Baadaye mwenzangu huyo alinieleza kwamba alikuwa akiandika huku mtu aliyeleta majeruhi amesimama kando yake, analia. Mashine yetu ilipokuwa ikijitaja katikati ya maneno yake alidhani ni mimi ninayemkatiza, nimechanganyikiwa. Alikuwa ameanza kueleza zaidi ndipo laini ikafa. "Nilikuwa naandika mguu," alisema.

Kaka hakuuliza juu ya mguu. Aliuliza utingo yuko wapi, na kila tulipobadilisha mazungumzo aliuliza tena, mpaka wifi akamwambia.

Wifi alijifungua salama kabla ya kaka kuruhusiwa kutoka. Shirika lilimpa kaka kazi ya getini, kufungua na kufunga, na magari aliyoyajua kwa sauti yalipita mbele yake kila siku. Lakini kwanza alitaka kwenda Chunya, na alitaka niende naye. Magongo yake yalizama kwenye vumbi. Karibu na nyumba ya utingo alisimama, jasho linamtoka, akanishika bega kwa nguvu hadi nikaumia. Kaka yangu, aliyenifundisha kutoogopa, alikuwa anaogopa mlango wa mwanamke mmoja.

"Akinifukuza?" aliniuliza.

"Tutarudi."

Mjane alitoka ameshika ungo. Alimtazama kaka usoni, akashuka na macho mpaka pale suruali ilipokunjwa na kufungwa kwa pini. Kisha akauweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka upande wa kivuli.

"Kaa, shemeji," alisema. "Niambie mwenzako alisema nini mwishoni."