Tukilala kwa Bi Bronwen

Mliokulia Nechells, mtaa wetu wa viwanda kule Uingereza, miaka ya sabini hamhitaji kuambiwa wiki mbili za mwisho wa Julai zilikuwaje. Viwanda vilifungwa, king'ora cha asubuhi hakikulia, na barabara yetu, ambayo siku nyingine ilinuka mafuta ya mashine, ikajaa masanduku. Kila jirani alikuwa anakwenda baharini. Wengine walipanda mabasi ya kukodi, wengine treni. Sisi tulikuwa na gari dogo la kijani ambalo Baba alilinunua kwa mwenzake wa kazini, na mlango wake mmoja wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani.

Siku hizi wajukuu zangu wakisafiri, simu ndiyo inayojua njia. Sisi njia ilikuwa kichwani mwa Baba na kwenye ramani iliyokunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo ikatoboka, hivi kwamba kuna miji ya Wales ambayo kwetu ilikuwa matundu tu. Mama alikaa mbele na ramani hiyo mapajani. Alikuwa nesi, na mara nyingi tuliondoka akiwa ametoka zamu asubuhi hiyo hiyo, lakini chapati zilikuwa zimekwisha kufungwa kwenye kitambaa, mayai yamechemshwa, na chupa mbili za chai zimebanwa miguuni mwake. Kabla hatujaingia garini alitupaka mafuta magoti na viwiko, mimi na mdogo wangu Wakesho, akisugua kama anayepiga kiatu rangi. "Magoti meupe," alikuwa akisema, "yanamwaibisha mama mpaka Wales."

Tulikokwenda ni bustani kubwa ya bembea kwenye pwani ya kaskazini ya Wales. Kulikuwa na gurudumu la kuzunguka lililoonekana kutoka mbali, farasi wa mbao, mnara wa kuteleza kwa mkeka, na treni ndogo iliyopanda na kushuka hadi tumbo likabaki nyuma. Kulinuka sukari ya kuungua, siki ya chipsi na chumvi ya bahari. Vipaza sauti vilikuwa juu ya nguzo kila mahali, na mtu mmoja mwenye koti la manjano alizungumza humo kutwa nzima, akitangaza watoto waliopotea na mashindano ya magunia.

Ndani ya bustani hiyo kulikuwa na safu za vijumba vya mbao vya kulala wageni. Waliolala humo walivaa beji ya bluu yenye jina. Sisi tuliotoka nje tulikuwa wageni wa mchana, na saa kumi na mbili jioni tulitakiwa kuondoka, huku wenye beji wakibaki kwenye ukumbi wao, bwawa lao na mashindano yao.

Sisi tulilala maili tisa kutoka hapo, kwenye shamba la mjane aitwaye Bi Bronwen. Alikuwa na ng'ombe sita, mbwa mmoja mwenye kiburi, na chumba cha juu chenye vitanda viwili vya chuma. Kiingereza alikizungumza akiwa na sisi, lakini mbwa, kuku na Mungu aliwasemesha kwa Kiwelshi. Baba alilipenda jambo hilo. Jioni alikaa naye jikoni, vidole vyake bado vina wekundu wa dawa ya kung'arishia pete, kazi aliyoifanya katika karakana moja ya vito huko Hockley, wakifundishana maneno. Bi Bronwen akitaja maziwa kwa Kiwelshi, Baba anayataja kwa Kitaita. Na katika Waingereza na Wawelshi wote niliokutana nao utotoni, Bi Bronwen ndiye pekee aliyeweza kutaja jina langu, Mghoi, bila kulivunja. Kiwelshi kina sauti za kooni kama lugha yetu. Shuleni mwalimu aliniita Maggie, akaona amenisaidia.

Asubuhi tulikunywa maziwa yenye joto la ng'ombe, tukaingia garini, na safari ya maili tisa ikaanza. Wakesho aliipenda sana. Mimi, nilipofika miaka kumi, niliichukia. Darasani kwetu kulikuwa na Sandra, ambaye familia yake ililala ndani ya bustani kila mwaka. Alirudi na hadithi za ukumbi na za kifungua kinywa kinachotangazwa kwa kipaza sauti. Nami, siku moja ya mvua mwezi wa Juni, nilimwambia kwamba na sisi tunalala ndani. Akaniuliza safu gani. Nikasema nimesahau.

Kiangazi hicho tukakutana uso kwa uso kwenye foleni ya pamba ya sukari. Sandra alitazama kifua changu kisicho na beji, akanielewa papo hapo. Hakunicheka. Aliniambia dada yake Julie ameungua na jua, amelala kijumbani na hatashiriki mashindano ya kuimba ya watoto wa ndani saa kumi na moja na nusu. Akaniuliza kama nataka beji ya Julie.

Nilitaka. Tulikuwa tumekubaliana na wazazi kukutana kwenye gari saa hiyo hiyo. Nilimwambia Wakesho aseme nimekwenda chooni, nikakimbia na Sandra hadi ukumbini. Mzee wa mlangoni aliitazama beji, hakunitazama mimi, akanipitisha.

Nilikuwa nimepanga kuimba wimbo mmoja wa redio uliopendwa mwaka huo. Msichana aliyenitangulia akauimba huo huo, tena vizuri. Mwenye koti la manjano akaita, "Julie, wa safu D," nikajikuta jukwaani mbele ya kipaza sauti, kichwa kitupu kabisa. Kilichotoka ni wimbo ambao Mama alituimbia akitusuka nywele, wa Kitaita, unaomwambia mtoto atulie, mvua imefika mlimani na mahindi yatapona. Sikujua maneno yote. Yale nisiyoyajua niliyaunga kwa midundo ya mdomo. Watu wakaanza kupiga makofi taratibu kufuata wimbo.

Sikujua kwamba mashindano yale yalirushwa kwenye vipaza sauti vya bustani nzima.

Mama alinisimulia baadaye. Walikuwa wamenitafuta vyooni, kwenye farasi wa mbao, kwenye mnara. Alikuwa amesimama karibu na kibanda cha chipsi, anataka kwenda kuripoti mtoto aliyepotea, mara wimbo wa nyumbani kwao ukamshukia kutoka juu ya nguzo. Alisema kwanza alidhani amechoka sana kwa zamu za usiku. Kisha akamshika Baba mkono. "Baba Mghoi, huyo ni mtoto wako."

Nilipewa zawadi ya tatu, kisanduku cha penseli za rangi. Nikatoka mlangoni nikikikumbatia, na hapo nje wakawa wamesimama wote watatu, Baba akizungumza na yule mzee.

"Aliyeimba ni binti yangu," Baba alikuwa akimwambia.

"Aliyeimba ni Julie wa safu D, bwana," mzee akajibu kwa upole. "Na humu ni kwa wageni wa ndani tu."

Baba akaniona juu ya bega la yule mzee. Akasoma beji. Alinipa mkono, tukatembea hadi garini, na Wakesho akawa analia kwa sababu alidhani ni yeye atakayepigwa kwa ule uongo wa chooni.

Ndani ya gari Baba hakuwasha injini.

"Kwa nini Julie?" akaniuliza.

"Kwa sababu Julie analala ndani," nikasema. "Sisi tu ndio tunaolala na ng'ombe."

Mama akasema, "Mwambie."

"Bado mdogo," Baba akasema.

"Amekuwa mkubwa kiasi cha kubadili jina," Mama akasema. "Mwambie."

Baba akatuambia huku anatazama usukani. Mwaka wa kwanza, mimi nikiwa na miaka mitano, aliandika barua kuomba kijumba. Wakamjibu kwa barua nzuri iliyopigwa chapa, kwamba familia ya Mwakio inakaribishwa. Tukaja. Mama mmoja wa mapokezi alitutazama, akatazama daftari, akatutazama tena, akasema kumetokea kosa na vijumba vimejaa. Nyuma yetu kulikuwa na familia nyingine isiyo na barua yoyote. Wakapewa ufunguo sisi tukiwa bado hatujafika mlangoni.

"Wewe ulikuwa umelala begani kwangu," Baba akasema. "Tukaendesha tu gari, nyumba hadi nyumba, hadi yule mama akatoka zizini na ndoo akatuuliza kama watoto wamekula. Asubuhi yake nikawaleta humu kwa lango la mchana. Nilikuwa nimewaahidi bembea. Kitanda sikuahidi."

Nikamuuliza kwa nini basi tunarudi kila mwaka kwa watu kama hao.

"Bembea hazikunikosea," akasema.

Mama akacheka, ingawa alikuwa anajifuta macho. Nikaivua beji ya Julie. Njia nzima hadi shambani niliishika kwenye kiganja hadi pini ikanichoma, na sikulalamika. Kilichoniuma ni kwamba kwa miaka mitano baba yangu alijifanya anapenda kulala karibu na zizi ili sisi tusijue. Nami nilikuwa nimemwonea haya mbele ya Sandra.

Asubuhi nilidhani hatutakwenda. Baba akashuka ngazi amevaa tai. Tulipofika bustanini alinishika mkono moja kwa moja hadi kwenye kichumba cha yule mwenye koti la manjano, akanisogeza mbele.

"Mwambie," akasema.

Nikamwambia kwamba mimi si Julie, silali ndani, na penseli hizi nimezirudisha. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko ya kuku. Mtu yule alikuwa kijana tu, nikimkumbuka leo. Shingo yake ikawa nyekundu. Akasema wimbo ni wimbo, na penseli ni zangu. Akaniuliza naitwa nani hasa.

"Mghoi Mwakio."

"Migoi," akajaribu.

"Hapana," Baba akasema.

"Mugwoi."

"Taratibu," Baba akamwambia. "Fanya kama unasafisha koo, lakini kwa adabu."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Hakuna aliyetambua. Bustani nzima, watu wakiwa juu ya gurudumu na wengine wakiteleza kwenye mkeka, waliwasikia Baba na yule kijana wakilitaja jina langu kwa zamu, mara tano au sita, mmoja akikosea na mwingine akisahihisha bila haraka. Wakesho, aliyekuwa kwenye farasi na Mama, anasema watu walianza kulijaribu wao kwa wao kwenye foleni. Mwishowe yule kijana akalipata, au karibu sana. Ndipo alipoiona taa ndogo nyekundu ikiwaka kwenye mashine yake. Akavuta pumzi, akatangaza rasmi kwamba mshindi wa tatu wa jana ni Mghoi Mwakio wa, akasita, akamtazama Baba.

"Wa Nechells," Baba akasema.

"Wa Nechells," kijana akarudia, na mahali fulani karibu na bwawa watu wa kwetu wakapiga kelele za shangwe.

Beji nilimrudishia Sandra. Nilimwambia ukweli, kwamba tunalala shambani na ng'ombe sita na mbwa anayeelewa Kiwelshi tu. Nilijiandaa kuchekwa, mimi au ng'ombe, sijui nani. Akaniuliza kama wanakamuliwa kwa mkono. Siku mbili baadaye mama yake alimruhusu kuja nasi, tukabanana watatu nyuma, na Bi Bronwen akamkalisha kwenye kigoda chini ya ng'ombe mpole. Sandra hakupata hata tone. Alirudi akinuka samadi na furaha, na shuleni mwezi wa Septemba ni hadithi hiyo aliyoisimulia.

Tulikwenda miaka mitatu zaidi. Kabla ya ule wa mwisho, uongozi mpya wa bustani ulituandikia kutukaribisha ndani. Baba aliwajibu kwa barua nzuri, iliyopigwa chapa na rafiki yake, kwamba anawashukuru lakini familia ya Mwakio tayari ina mahali pake.

Baba na Mama wamekwisha kututangulia, Bi Bronwen zamani zaidi. Wakesho anaishi Sutton Coldfield, kwa wenye nafasi, kwenye nyumba yenye mlango wa gereji unaofunguka wenyewe. Binti yangu huwapeleka watoto wake kwenye mbuga za burudani za kisasa, na hulala hoteli iliyo humo humo ndani. Hakuna anayewatazama mara mbili. Mashine inawafunga bangili mkononi, majina yamepigwa chapa bila kosa, na bangili inafungua kila mlango. Nafurahi, kweli nafurahi. Siku ya tatu wananipigia simu kusema wamechoka na bembea, mtandao wa hotelini uko polepole. Nikiwauliza kwa Kiswahili wameona nini njiani, wananijibu kwa Kiingereza kwamba walikuwa wamelala.

Mkubwa wao amepewa jina langu. Shuleni wanamwita Migs, na ni yeye mwenyewe aliyewaambia wamwite hivyo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa upendo kabisa kwamba ni rahisi zaidi, Bibi, kwa kila mtu. Ana miaka kumi. Nilitaka kumwambia habari ya mtu mwenye tai mbele ya kipaza sauti, lakini alikuwa ameshavaa vile vitu vyake vya masikioni. Basi siku hizi nikimchukua shuleni nashusha kioo cha gari, na huku wenzake wote wakisikia, namwita kwa jina lote. Anaona haya kidogo. Lakini anakuja.