Fundi wa Kola

Siku za mwanzo alipohamia kijijini, kila alikopita watu walimuuliza nani anaumwa. Alikuwa bado anatembea mwendo wa mjini, mikono ikikata hewa, macho mbele, na kwa kuwa mkewe alikuwa nesi mpya wa zahanati, waliomwona waliamini kuna mgonjwa mahututi mahali fulani. Wengine walimfuata ili wakasaidie kumbeba. Alipowaeleza kwamba anakwenda kununua kiberiti tu, walitazamana, kisha wakarudi zao taratibu.

Mkewe alikuwa amehamishwa kikazi. Yeye alimfuata kwa sababu kiwanda cha mashati alichokifanyia kazi tangu ujana wake kilikuwa kimefungwa, na kwa sababu alimpenda mkewe, ingawa sababu hii ya pili hakuwahi kuitamka. Walipewa nyumba ya watumishi nyuma ya zahanati, yenye vyumba viwili, jiko la nje na pipa la kukingia maji ya mvua. Mjini walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta na gereji. Huku ukimya ulikuwa mzito kiasi kwamba alimsikia kuku wa jirani akiparua chini, na masikio yake yalikaa yakingoja kelele ambazo hazikuja.

Hata hivyo ukimya aliuzoea. Jina ndilo lililomshinda. Mjini alikuwa Fundi. Huku aliitwa Mume wa Nesi. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, Mume wa Nesi," kwa adabu kabisa, naye akaitikia marahaba.

Alinunua cherehani kuukuu ya kukanyaga kwa mguu, akaomba nafasi kwenye kibaraza cha duka. Mwenye duka, mama mwenye mwili mkubwa na maneno ya haraka ambaye wote walimwita Mama Duka, alimkubalia papo hapo. Alisema kwamba wateja wakiadimika atakuwa na mtu wa kumtania. Cherehani yenyewe ilimtoa jasho. Zile za kiwandani zilikuwa za umeme. Hii ilitaka mguu uende kwa mpango, na alipokosea, gurudumu lilirudi nyuma na uzi ukakatika. Watu walimletea suruali za kupunguza urefu na zipu zilizokufa. Kitambaa kipya hakuna aliyeleta.

Naye moyoni alishukuru, maana alikuwa na siri. Katika maisha yake yote hakuwahi kushona shati zima. Kiwandani kila mtu alikuwa na sehemu yake: kulikuwa na watu wa mifuko, watu wa mikono, watu wa vifungo. Yeye alikuwa mtu wa kola. Alizijua kola kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani, na hakuna aliyemfikia kwa ncha kali na mshono ulionyooka. Lakini shati lilipotoka mikononi mwake lilikwenda kwa mwingine, na hakuliona tena.

Nyuma ya duka palikuwa na kichuguu kikubwa, na juu ya kichuguu hicho tu ndipo simu zilipopata mtandao. Wenye haja ya kupiga walikaa chini yake wakisubiri zamu, wakisikia kila neno la aliye juu. Alasiri moja, zamu yake ilipofika na akiwa juu, msimamizi wake wa zamani alimpigia. Kiwanda kingine kilikuwa kinafunguliwa mjini, na walimtaka mtu wa kola; jibu lifike kabla mwezi haujaisha. Sauti ilikuwa inakatikakatika, kwa hiyo alijibu kwa kupaza yake. Ndiyo, anaweza kurudi. Apewe muda azungumze na mkewe.

Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa uani akifua koti lake jeupe la kazi.

"Nasikia unaondoka," alisema bila kuinua macho.

"Nani kakuambia?"

"Uliza nani hajaniambia."

Alikaa kwenye kizingiti. Mkewe akalikamua koti, akalitundika kwenye kamba, kisha akamgeukia.

"Sikuzuii, mume wangu. Ila niambie ukweli. Unafuata kazi, au unakimbia hapa?"

Aliona aibu kusema kwamba tatizo lake lilikuwa jina.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Mkuu wa shule ya kijiji alipanda kibarazani akiwa na kitambaa cha bluu kwapani. Alikuwa anastaafu, na Ijumaa ya wiki ile wangemfanyia sherehe ya kumuaga. Alieleza mbele ya wote waliokuwepo kwamba amesikia habari za safari, kwa hiyo ameona awahi.

"Nishonee shati kabla hujatuacha, Fundi," alisema.

Hapo ndipo ilipompasa aseme ukweli. Lakini tangu ahamie hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Alikipokea kile kitambaa kwa mikono miwili.

Alipima kifua, shingo na mikono. Alikata kwa hofu, akashona, akafumua, akashona tena. Mama Duka alimuuliza kama anashona shati au anachimba kisima. Siku mbili kabla ya sherehe Mwalimu alikuja kujaribu, na kibaraza kilijaa watazamaji. Kola ilikaa shingoni kana kwamba ilizaliwa pale. Watu waliguna kwa kuridhika. Kisha Mwalimu akainua mkono kama mtu anayetaka kuandika juu ya ubao, nao mkono ukaishia njiani, huku shati lote likipanda na kuacha tumbo wazi. Mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa kushoto, na wa kushoto ulikuwa kulia.

Mwalimu alijitazama kwa muda.

"Fundi," alisema, "kola ni ya waziri. Mikono ni ya mtu aliyekamatwa."

Kibaraza kilicheka mpaka Mama Duka akafuta machozi kwa pindo la kanga. Fundi angeweza kuisingizia cherehani, na wangemwamini, maana walishaisikia ikikwama. Badala yake aliweka mkasi mezani.

"Mwalimu, mimi nilikuwa mtu wa kola tu. Shati zima sijawahi kushona. Ningekuambia, lakini uliniita Fundi."

Kicheko kilikatika. Mwalimu alilivua shati, akalikunja vizuri, akaondoka nalo. Fundi aliifunika cherehani yake. Safari sasa ilikuwa imejiamua yenyewe.

Jua lilikuwa limeanza kushuka Mwalimu aliporudi na shati jingine, jeupe, ambalo kitambaa chake kilikuwa bado imara lakini kola ilikuwa imechakaa hadi nyuzi zinaning'inia. Alieleza kwamba ndilo alilolipenda kuliko yote, na kwamba kidevu chake ndicho kilichoila ile kola.

"Umesema wewe ni mtu wa kola," alisema. "Kola hii hapa."

Fundi alilipokea, na vidole vyake vikatulia. Aliifumua kola taratibu bila kugusa shati, akaigeuza, ule upande wa chini ambao haukuwahi kuona jua ukaja juu, akairudisha mahali pake kwa mshono uleule wa zamani. Kisha akapiga pasi ya mkaa. Mwalimu alilishika lile shati akapatafuta pale palipochakaa, akapakosa.

Ijumaa alilivaa, na wakati wa hotuba aliinua mikono juu kuliko ilivyohitajika, watu wakaelewa utani. Baada ya hapo wanaume walianza kufika kibarazani wakiwa na mashati kwenye vifurushi. Ilionekana kijiji kizima kilikuwa kikificha kola chini ya masweta. Wote walimwita Fundi Kola, na watoto wakafuata.

Mwezi ulipokaribia mwisho alipanda kichuguu, kwa mwendo ambao haukumfanya yeyote aulize nani anaumwa. Waliokuwa wakisubiri zamu walijifanya wanatazama mbali. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa zahanati.

"Asante, mkubwa, lakini sitakuja," alisema kwa sauti iliyofika kila mahali. "Nisaidie jambo moja tu. Yule dada wa mikono wa kiwanda chetu cha zamani, naye mmemchukua hapo? Nipe niongee naye."

Akasubiri. Kisha akaanza kurudia maneno anayoambiwa, moja moja, asiyasahau. Upande wa mbele wa mkono unakatwa ndani zaidi. Kila mkono unatiwa alama kabla ya kuondoka mezani. Ndiyo, dada. Rudia hapo kwenye bega.

Chini ya kichuguu, Mama Duka alimgusa Mwalimu begani.

"Kalete lile la bluu," alisema. "Mikono ndiyo hiyo inafika."