Mtani wa Ng'ambo ya Ziwa

Ukitaka kumuudhi Mzee Sadala, muulize kama lile ni ziwa au bwawa. Atakutazama kuanzia kandambili mpaka kofia, kisha atakwambia upande boti au ushuke, wageni wanasubiri. Ni kweli kijito kilizuiwa na wenye shamba, enzi za Wajerumani, ili yapatikane maji ya kusafishia mkonge. Lakini bonde likajaa, matete yakaota, ndege wakahamia, na leo kibao cha barabarani, upande wa kutokea Segera, kimeandikwa Ziwa Kwedilima. Kwa Sadala mjadala umefungwa.

Kazi yake ni kuwazungusha watu majini. Wageni huja kutoka Dar, Tanga na Arusha, wanavalishwa jaketi za kuokolea, wanapiga picha kabla hata injini haijawaka. Boti ina paa la turubai na viti vya mbao. Inapita kando ya matete, inapita reli ya toroli za mkonge iliyoliwa na kutu, inapita korona, kile kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, ambacho sasa ni kuta tupu na mipapai iliyojiotea. Mwisho inatia nanga ng'ambo, kwenye nyumba kubwa ya zamani ya mameneja wa shamba. Hapo barazani, chini ya dari refu la mbao, ndipo wageni wanapokula chakula cha mchana.

Baba yake, Mzigua, alitoka Kwedizinga, kule Handeni, akaja hapa kukata mkonge, na Sadala naye akaukata mpaka magoti yakamgomea. Mkewe Amne alishatangulia mbele ya haki. Binti yake, Husna, yuko Dar na humpigia simu kila Ijumaa: baba umekula, baba umelala, baba nakuja mwezi ujao. Mwezi ujao haufiki. Sadala anakaa kwenye zile nyumba za kambi zilizojengwa kwa mstari, chumba kimoja chake, vingine vya popo. Jioni anachemsha muhogo, anakula peke yake, anaosha sahani moja. Jamani, sahani moja inaoshwa upesi mno, halafu unabaki na jioni nzima hujui uipeleke wapi.

Kilichomweka mjini, kama wasemavyo vijana, kilikuwa Simeo.

Simeo alikuwa mpishi wa ile nyumba kubwa. Msambaa wa Bungu, wa milimani kabisa, Mlutheri, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Na Mzigua na Msambaa, nani asiyejua, ni watani. Hawa wawili waliufanya utani ukawa ibada. Boti haijafika hata katikati ya maji, Sadala ameshasimama kwenye usukani.

"Wewe Msambaa! Leo umepika, au umeunguza tena?"

Simeo anatokeza mlango wa jiko na mwiko mkononi. "Geuza boti, Mzigua! Hapa hatupiki bada, huo ugali wenu wa muhogo! Wageni washuke, wewe kale matete na wenzako!"

Wageni wapya walishtuka, wakadhani patapigwa mtu. Baadaye wanaona Sadala anapokelewa kwa sahani iliyojaa kuliko ya mgeni yeyote, na wanaume wawili wazee wamekaa kwenye ngazi za nyuma, wanatukanana huku wanamega samaki mmoja. Simeo hakuwahi kupanda ile boti hata siku moja. Alizunguka ziwa kwa baiskeli. "Msambaa," Sadala aliwaambia wageni, "akiona maji kwenye beseni anamwita mchungaji."

Siku moja Sadala alivuka mpaka. Alimtuma mtu akaseme jikoni kwamba boti imezama, nahodha hajaonekana. Simeo alitoka mbio na aproni yake, akazunguka ziwa lote kwa miguu, baiskeli ameisahau, machozi yanamtiririka. Akamkuta marehemu chini ya mkorosho anakula embe.

"Umelia!" Sadala alipiga kelele, anarukaruka kama mtoto. "Msambaa umenililia, nimekuona!"

"Nimelilia sufuria yangu uliyoazima," Simeo alisema, akakaa chini apate pumzi. "Lakini yangu inakuja. Utakuja mbio, Mzigua. Mungu ni shahidi."

Hiyo ndiyo ilikuwa miaka mizuri. Kisha Simeo akaanza kukohoa. Mwanzo alisingizia moshi, baadaye akapungua mpaka aproni ikawa inamzunguka mara mbili, na binti yake Glory akaja akamchukua kwenda kumuuguzia kwake, Kilole, Korogwe mjini.

Jikoni akaletwa Joyceline, binti mpole kutoka Arusha, mpishi mzuri kwa kweli. Siku ya kwanza Sadala alikaribia nyumba, akasimama kwenye usukani, akapaza sauti: "Chakula hicho kimepikwa na nani, adui yetu?" Basi mtoto wa watu akaingia stoo akalia. Msimamizi akamwita Sadala pembeni, akamwambia mzee, hayo maneno siyo mazuri. Tangu siku hiyo boti hufika kimya. Joyceline husema shikamoo mzee, Sadala husema marahaba, anapewa sahani, anakwenda kula kwenye ngazi za nyuma. Heshima tupu. Heshima ilimchosha Sadala kuliko mkonge ulivyomchosha.

Alikwenda Kilole mara moja tu. Alimkuta Simeo kitandani, mikono imekuwa vijiti, wakajaribu kutaniana, na kila tusi likakatizwa na kikohozi. Aliporudi alianza visingizio. Wiki hii boti ina hitilafu. Wiki hii kuna wageni. Wiki hii mvua. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alitaka Simeo apone kwanza, ndipo akamwone.

Jumamosi moja asubuhi, kikundi cha kina mama wastaafu kutoka Tanga kimeshakaa kwenye boti, simu ikalia. Ni Glory.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Baba... baba amefariki."

Sadala moyo ulimlipuka. Lakini akasikia kitu, nyuma ya sauti ya Glory, kama mtu anayezuia pumzi. Akasikia pia jinsi binti alivyosema, upesi upesi, kama mtoto anayesoma ubaoni. Ee! Akakumbuka mkorosho. Akakumbuka yangu inakuja. Damu ikamrudi usoni, na kicheko kikapanda kutoka tumboni, kicheko ambacho hakukijua tangu jikoni kulipoingia heshima.

"Pole sana," alisema kwa sauti ya msibani. "Mwambie marehemu nina wageni leo na kesho. Asizikwe kwanza, nakuja Jumatatu kudai changu. Na huko aendako asipike, malaika hawajazoea masizi!"

Akakata simu, akacheka mpaka akashika nguzo ya paa.

Ile safari ilikuwa na furaha sijui niieleze vipi. Sadala aliwasimulia kina mama habari yote, sufuria, embe, aproni, na wao wakavunjika mbavu. Alionyesha ndege, alionyesha korona, aliimba. Mtu alikuwa amemchokoza! Duniani alikuwepo mtu mmoja aliyeamka asubuhi akafikiria namna ya kumtesa yeye, Sadala. Kwa mtu aliyekaa miezi anaosha sahani moja, hilo si jambo dogo.

Mama mmoja, Bi Chausiku, mzaliwa wa Handeni, hakucheka sana. Wakati wenzake wanapanda ngazi kwenda kula, alibaki nyuma.

"Kaka yangu, huyo mtani wako anaumwa kweli, au hilo nalo ni utani?"

"Anaumwa, dada. Kifua."

"Basi nenda leo. Ukitushusha tu, nenda."

"Jumatatu hakuna wageni. Jumatatu nipo kwake asubuhi."

"Mgonjwa hakuiti kwa mchezo," Bi Chausiku alisema. "Amekuita."

Sadala alimwambia asijali, akamkaribisha chakula. Na maneno yale yalimwingia, msidhani hayakumwingia. Lakini nani angeendesha boti kesho yake? Tena, utani una adabu zake: ukichokozwa leo ukaenda leo, umeshindwa. Alitaka Simeo ahangaike kidogo. Jumapili Glory alipiga simu tena na tena. Sadala akaitazama simu ikitetemeka juu ya kiti cha boti, akawaambia wageni, "Marehemu anapiga," na hakupokea.

Jumatatu alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Alibeba perege wawili wakubwa na mfuko wa unga wa muhogo, bada, kusudi amkere mgonjwa. Alichukua bodaboda mpaka barabara kuu, akapata gari mpaka Korogwe, na njia nzima midomo inamchezacheza kwa matusi aliyokuwa anayapanga. Alipanga kuanza na la malaika, aende la aproni, amalizie na la beseni.

Alipokata kona ya mtaa wa Glory, aliona turubai limetandwa mbele ya nyumba. Aliona viti vya plastiki, wanaume wamekaa, kina mama kwenye mikeka, moshi wa sufuria kubwa unapanda nyuma ya nyumba.

Loo! Sadala alisimama katikati ya njia akajipiga paja. Msambaa amekodi mpaka turubai! Amekusanya na watu! Utani wa namna hii hajapata kuuona tangu azaliwe, na akamvulia kofia hapohapo. Kisha akaingia, mfuko wa bada ameuinua juu.

"Yuko wapi huyo mwongo wa Bungu? Mtoeni nje! Anakula hela za watu kwa viti vya kukodi, na kufa kwenyewe hajui! Simeo! Toka, nimekuletea bada, ule ufe vizuri!"

Watu wakacheka. Na si ajabu, kwa maana msibani mtani ana kazi yake: anatukana maiti, anadai haki zake, anawafanya wafiwa wacheke wapate nguvu ya kula. Mzee mmoja aliyevaa koti, Richard, mdogo wake Simeo, aliinuka na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Afadhali umefika, mtani. Tulikuwa tumekaa tu hapa, hakuna wa kutuchangamsha."

"Nimefika! Mwambieni atoke!"

Wakacheka tena. Kina mama kwenye mkeka walicheka huku wanajifuta macho kwa ncha za khanga, na Sadala aliwatazama. Macho yalikuwa mekundu. Alimtazama Richard, na yake pia. Barazani palikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe, na juu yake picha ya Simeo amevaa suti ya kanisani, ile aliyokuwa akiambiwa kila mara kwamba ameiazima. Sadala aliteremsha mfuko taratibu. Hakuna aliyeona kitu. Kwao wote mtani alikuwa amefanya kazi yake, na ameifanya vizuri.

Glory alitoka ndani, akapiga goti. "Shikamoo baba."

"Lini?" Sadala aliuliza.

"Jana alfajiri. Tunamsubiri kaka kutoka Mwanza, ndipo tumpandishe Bungu. Nilikupigia jana, baba. Nilikupigia sana."

"Jumamosi uliniambia..."

"Jumamosi alikuwa hai." Glory alikaa kwenye mkeka karibu na miguu yake. "Aliamka na nafuu. Yeye ndiye aliyenituma, akanifundisha na maneno. Simu alikuwa ameishika mwenyewe, kaweka spika. Uliposema asipike huko kwa malaika, alicheka mpaka akapaliwa, tukamsimamisha. Akasema, huyo ananidanganya, atakuja leoleo, hawezi kujizuia. Akataka kiti atolewe barazani. Nikamtolea. Alikaa anaangalia njia, baba, kutwa. Jua likazama, nikamwambia tuingie, umande mbaya kwa kifua. Akasema tusubiri kidogo, magari ya jioni bado hayajaisha."

Sadala alitazama baraza. Palikuwa na viti vingi, na hakutaka kuuliza ni kipi. Aligundua kila kitu kwa mara moja. Pale alipokuwa mwerevu, alipousikia uongo kwenye simu na kucheka, alikuwa amesikia sawasawa. Simeo hakufa siku ile. Kulikuwa na siku nzima ya kufika, gari lilikuwepo, barabara ilikuwepo, na yeye alikuwa majini anawaimbia wageni.

"Mtani!" Richard alimwita kutoka kwenye viti. "Mbona umezimika? Endelea bwana, watu hawajala!"

Uwanja mzima ulimgeukia, nyuso zimeshaanza kutabasamu zikimsubiri. Sadala alivuta pumzi. Alijaribu lile la aproni.

"Huyu Msambaa..." alianza.

Likakataa. Akajaribu tena, mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni kilio, kilio cha mtu mzima, kikubwa, kisicho na aibu. Alikaa chini kwenye vumbi na kanzu yake safi. Kina mama wakaacha kucheka. Watoto wakasogea nyuma.

"Hee, jamani!" Richard alisema, nusu ya mchezo, nusu ya hofu. "Mtani halii msibani. Hii kwetu ni faini, unajua."

"Nitozeni," Sadala alisema. "Nitozeni tu."